Kompyuta za Odeta Hazigawanywi

"Achia hiyo waya, Venant!"

Mwaka mmoja umetimia tangu moyo wako uliposimama, Odeta binti yetu, na hivi ndivyo tulivyouadhimisha: tumetoka kanisani, chai bado ya moto, baba yako mdogo Venant yuko chumbani kwako hapa Buhongwa anachomoa kompyuta zako tano.

"Shemeji, mwaka ukiisha vya marehemu vinagawanywa. Nguo tumegawana jana, mbona hukupiga kelele?"

"Nguo ni nguo. Hizi zinafanya kazi zikiwa zimeungana. Ukipeleka moja kwako na nyingine kwa kaka yake Malimi, umeiua kazi yake."

"Kazi gani? Ya kutafuta vitu visivyoonekana?"

"Umeme nao hauonekani. Hebu shika hapo ulipochomoa."

Awuor, mwenzako wa kazi, alishindwa kuzuia kicheko.

Mimi ulinieleza kila nilipouliza. Huko Ulaya wanagonganisha chembe ndogo mno, na mtambo unaorekodi migongano hiyo unatoa taarifa nyingi kuliko kompyuta zinavyoweza kuhifadhi. Programu yako ilikuwa ya kuamua upesi kipi kibaki, kipi kitupwe. "Mama, ni kama kuchambua dagaa huku mtu anakumwagia ndoo nyingine." Nikaelewa.

Ulikuwa mpole kwa wazee, mkali kwa makosa. Ugali uliula umepoa, macho kwenye kioo cha kompyuta. Mabinti wa mtaani uliwafundisha kuandika programu, na aliyesema "siwezi" ulimrudisha kwenye kiti. Umeme ukikatika ulikuja jikoni kumenya mihogo na mimi, ukiimba vibaya, tena kwa sauti kubwa.

Waliosema kazi hiyo si ya mtoto wa Mwanza tunawajibu leo: uliifanya. Wala haijaisha. Jaribio lako la mwisho, la migongano ya kubuni iliyotengenezwa na kompyuta, lilikwama ulipofariki. Lisipokamilika, wenzako wa Ulaya wataiacha programu yako na kuchukua nyingine. Awuor anaweza kulimalizia, ila anazihitaji kompyuta zote pamoja.

"Mama, nikizipata leo, nawasha leo," alisema.

Sikusubiri kikao cha ukoo. Niliita kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikamwambia Venant ashike upande wa pili wa meza yenye kompyuta.

"Shemeji, wewe ni mbishi!"

"Shika vizuri, usiangushe."

Alinung'unika, akashika. Tulizishusha kwa Awuor, Butimba. Akaziunganisha, akakaa, akabonyeza. Jaribio likaendelea pale ulipoliachia.

Tunaokukumbuka ni mama yako Evelina, baba yako Luhende, kaka yako Malimi, Awuor, mabinti wa mtaani, na baba yako mdogo Venant, ambaye bado amenuna.

Hututoki moyoni daima, Odeta. Tunaandika haya kompyuta zako zikiwa zinanguruma, zote, mahali pamoja.