Lastiki ya Sketi

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio una jambo, na jambo lenyewe ni wewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Kuongea ndiyo kazi yako, na mtu akianza kukueleza neno unamkatisha kama msikilizaji aliyekupigia kipindini. Barua huwezi kuikatisha. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Jumapili alasiri nilikuwa dukani na wateja wanne, mmoja yuko nyuma ya pazia anajaribu gauni. Nikafungua redio tusikilize kipindi chako cha nyimbo za zamani. Nikawaambia kwa majivuno, "Huyo mnayemsikia ni mdogo wangu, nimemlea mimi." Ndipo ukaanza. Eti ulikulia kwenye nyumba ambayo kila wimbo ulikuwa unaburuzwa kama gunia. Eti dada yako ana redio kaseti mbovu, na mpaka leo anashona huku anaisikiliza, na katika kaseti zake hajawahi kusikia wimbo hata mmoja jinsi ulivyoimbwa. Kisha ukaniigiza. Ukaimba kwa sauti ya ng'ombe mgonjwa, na fundi mitambo wako nikamsikia akicheka nyuma yako.

Wateja wangu walicheka mpaka yule wa nyuma ya pazia akatoka na pini bado zimo begani. Sasa watu wakipita mlangoni kwangu wananivutia maneno: "Shikamoooo, funndiii." Hata muuza mkaa, ambaye hajui kusoma saa, ananicheka kwamba nimechelewa.

Nimekushika mkono tangu una miaka kumi na mitatu, siku tuliyomzika mama. Nataka uniombe radhi. Na usiniombe kwa barua. Ulinivua nguo redioni, basi redioni ndiko unifunike.

Dada yako

Tarehe 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Natumaini wewe na mpwa wangu mko salama, na kwamba hasira nayo inaendelea vizuri.

Sikukutukana, nilisema ukweli. Na kwa kuwa umetaka maandishi, soma na yangu.

Nilipoanza kazi hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki ya kwanza, wakarusha hewani ule wimbo tuliokuwa tukiupiga nyumbani kila siku. Nikasikia mwimbaji anakimbia kama kaona nyoka. Mdomo wangu unaujua. Nikamwendea mkuu wa mitambo mbele ya watu wote nikamwambia, "Mzee, mashine yenu inakwenda mbio." Akaikagua. Akaweka wimbo kwenye mashine ya pili, ya tatu. Zote sawa. Nikashikilia kwamba zote ni mbovu! Yule mzee akaniangalia akasema, "Kwenu mlikuwa mnasikilizia nini, wewe kobe?"

Tangu siku hiyo naitwa Kobe. Mkurugenzi ananiita Kobe. Kadi ya mwaliko wa harusi ya mtangazaji mwenzangu imeandikwa "Bwana na Bibi Kobe". Mke wangu hakuchekea nje, alichekea jikoni.

Wala si jina tu. Muziki anaousikia mtu wakati ndevu zinaanza kumtoka, huo ndio unabaki kuwa muziki. Unaokuja baadaye ni kelele za majirani. Sasa wa kwangu uliniingia ukiwa umepinda. Kasi sahihi naijua, naifanyia kazi, na kila Jumapili bado naona kama kuna mtu anamfukuza mwimbaji. Kwenye sherehe mke wangu hachezi na mimi, anasema ni kama kusukuma kabati. Hebu niambie ni nani wa kuombwa radhi hapo.

Nina ombi. Mwezi ujao kipindi changu kinatimiza miaka ishirini. Nipe kaseti ya mama, ile aliyojirekodi wimbo wake wa kufua, aliojitungia wa kututukana kwamba tunachafua nguo makusudi. Nataka watu wamsikie. Umeiatamia miaka yote hii kama kuku. Mama hakukuzaa peke yako.

Mdogo wako

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na za mpwa wako nimezimeza mwenyewe, maana sikutaka asome upuuzi wako.

Kaseti sikupi.

Unauliza nani wa kuombwa radhi? Basi ngoja nikukumbushe ubovu wa redio ulitoka wapi, maana naona umesahau au hukuwahi kujua. Redio ile mama aliiacha nzima. Kwa wiki mbili baada ya mazishi wewe ulikuwa huli. Ulikuwa unakaa sakafuni, unaweka kaseti ya mama, ikiisha unairudisha nyuma, ikiisha unairudisha nyuma. Siku ya kumi na tano mpira wa ndani, ule unaozungusha kaseti, ukakatika. Ukalia kuliko ulivyolia makaburini. Fundi akasema mpira wa redio ya aina ile haupatikani tena.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliitazama redio, nikatazama nilichonacho. Nikafumua kiuno cha sketi yangu ya shule, nikatoa lastiki, nikaikata kwa kipimo, nikaishona ncha mbili kwa uzi wa mkono, nikaivisha pale. Ilizunguka. Lastiki ya nguo hulegea, si mpira wa kiwandani, ndiyo maana nyimbo zikawa nzito. Lakini ilizunguka, na wewe siku hiyo ukala. Muhula mzima nilikwenda shule na sketi niliyoibana kwa pini. Wenzangu walinicheka hivyo hivyo unavyonicheka wewe.

Hiyo ndiyo mashine mbovu ya dada yako. Hayo ndiyo malezi uliyoyapitisha hewani watu wacheke wakila ugali wao.

Ukithubutu kuniomba kaseti tena nitajua shukrani ya punda ni mateke.

Dada yako

Tarehe 19 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia.

Habari ya lastiki sikuijua. Nakiri. Niliisoma mara mbili, na nikanyamaza siku nzima, jambo ambalo mke wangu alilishangilia.

Lakini umeitumia kama fimbo. Huwezi kumlisha mtu halafu ukamwonyesha kijiko maisha yake yote. Kwa hiyo nimefanya nilichofanya na sijutii. Jumanne nilipita kwako. Ulikuwa umekwenda sokoni kununua vitambaa. Mpwa wangu alinikaribisha chai, na alipotoka kuanua nguo nilifungua kabati la cherehani ya zamani. Kaseti ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye kitambaa cha bitana. Usimgombeze mtoto, hakuona.

Barua hii nampa dereva wa basi ikufikie leo. Kesho mama atasikika. Fungua redio.

Mdogo wako

Tarehe 21 Aprili

Wewe,

Sikusalimii.

Mwizi wa kawaida akiiba kitu hukitunza. Wewe umeiba mama ukamharibu. Nilifungua redio, ndiyo. Nilifunga duka, nikakaa na mwanangu. Nikasikia kitoto fulani, kisauti chembamba, haraka haraka, kinaropoka wimbo wa mama kama kinawahi choo. Mwanangu akaniuliza, "Mama, huyo ni nani?"

Umemkimbiza. Umeichezea kaseti kwenye mitambo yenu ili umwonyeshe dada yako kwamba hata mama alikuwa mwepesi na mimi ndiye niliyemfanya mzito. Mama alikuwa na sauti nene, ya taratibu. Sauti ya mtu mzima aliyetua mzigo. Nimeisikiliza miaka thelathini na sita. Unadhani utanifundisha wewe sauti ya mama?

Irudishe. Itume kwa mtu yeyote, usije nayo mwenyewe. Nikikuona mlangoni kwangu nitasahau kwamba tulinyonya ziwa moja.

Siweki jina. Unanijua.

Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo.

Sikuigusa. Nakuapia kwa kaburi lake. Niliiweka kwenye mashine kama ilivyo, nikabonyeza, basi. Na mimi niliposikia niliruka kitini. Nilidhani nimechukua kaseti siyo. Fundi mitambo akaniuliza, "Kobe, tukate?" Nikashindwa kujibu hewani, mimi niliyezaliwa kuongea. Ndiyo maana ulisikia ule ukimya mwishoni.

Kipindi kilipokwisha simu ililia. Ni mama mdogo. Unajua hajawahi kuisikia kaseti ile, aliolewa mbali kabla mama hajairekodi. Alikuwa analia kiasi kwamba mumewe ndiye aliyekuwa ananitafsiria. Akasema, "Leo nimemsikia dada yangu. Ndiye yeye, alivyokuwa akiongea kama anafukuzwa. Baba alikuwa akimwambia, mwanangu, meza mate kwanza."

Nikakaa nikafikiri. Dada, wewe mwenyewe uliniandikia: redio ilikuwa nzima mama alipojirekodi. Mpira ulikatika baada ya mazishi. Sauti iliyomo kwenye kaseti ni sauti yake halisi. Ile nene, ya taratibu, tuliyokaa nayo sakafuni, mama hakuwahi kuwa nayo. Ni lastiki.

Nimejaribu kumkumbuka akiniita kutoka uani, kabla ya kaseti, kabla ya yote. Nasikia ile nene tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, masikio yapo, na yamebeba mwanamke ambaye hakuwepo. Sasa nina hasira kuliko ya mwanzo. Kuniharibia nyimbo ningekusamehe. Lastiki yako imenipokonya mama, na hukuwa na ruhusa.

Mdogo wako

Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima huko. Huku tuko.

Nimekaa miezi karibu mitatu bila kukujibu, si kwa dharau. Nilikuwa natafuta la kukutukania nikawa silipati.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja. Alikaa dukani kwangu siku nne, anaongea, na mimi nashona. Siku ya pili niliinua mguu kwenye cherehani nikamsikiliza. Kisauti chembamba, haraka haraka, neno linakanyaga neno. Nimemjua tangu nizaliwe na sikuwahi kusikia kwamba ni sauti ile ile. Basi, umeshinda. Yule wa redioni ni mama.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile nilipovisha lastiki, kaseti ilipoanza, nilisikia kwamba sauti imebadilika. Nilisikia vizuri kabisa. Nikajiambia ni kilio kimeniziba masikio. Wewe ulikuwa unakula, nami sikutaka kufungua redio tena. Siku ya tatu nikawa nimezoea. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo hilo tu. Usiniongezee.

Lakini sikubali kwamba nilikupokonya. Mama alikufa, sikumuua mimi. Nilikupa nilichoweza kukishona. Na usifikiri ulikuwa peke yako sakafuni. Ukilala wewe, nilikuwa nakaa mimi. Nilipoacha shule nilimsikiliza yule wa sauti nene nikaona hajakasirika. Nilipoachika nilimsikiliza. Alikuwa ananisubiri nimalize kulia, kwa sababu alikwenda polepole. Huyu wa redioni ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, ana haraka zake, ana nguo za kufua. Kwa umri wangu wa leo ningeweza kumzaa mimi. Nimemheshimu, nimemwombea. Lakini sina la kumwambia, na yeye hanijui.

Sasa sikiliza, na ukicheka Mungu anakuona. Wiki iliyopita redio imekufa, safari hii ni mota, na haina lastiki ya kuiponya. Kaseti ya kweli kaa nayo, ni haki yako. Mimi nakuomba kitu kimoja. Una mitambo ya kila aina. Nipunguzie mama. Mrudishe pale alipokuwa. Kipimo sina cha kukutajia, ila wewe ndiye mtu pekee duniani anayekijua.

Radhi ya redioni siitaki tena. Nataka huyo.

Dada yako

Tarehe 24 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nakutumia kaseti moja na mashine ndogo ya kuchezea, nzima, usiifungue na mkasi wako. Sikuhitaji kipimo. Nilizungusha kitufe taratibu, na alipofika nilimjua. Fundi mitambo alikuwepo, nikamwambia atoke nje.

Usidhani tumepatana. La Kobe sijakusamehe, na ulivyonivunjia heshima kwa yale mateke ya punda nitakuja kukujibu ana kwa ana, mlango uwe wazi au umefungwa.

Ukiona imechukua wiki tatu, usiniulize kwa nini. Nilitengeneza mbili.

Mdogo wako