Sahihi Kumi na Moja

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka gereji. Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikiinama kufungua nati. Wewe hujambo huko kiwandani?

Nina swali. Mwezi huu nimeletewa matairi matatu ya kiwanda chenu, mapya kabisa, kashata, ule mpira wa juu wenye meno, zimebanduka kwenye waya kama ganda la chungwa. Wenye magari wanalaumiwa kuzidisha mzigo. Nimeziba pancha miaka thelathini. Huu si mzigo. Yote yana namba ile ile ubavuni. Wewe ndiye unayeyapima kabla hayajauzwa. Nieleweshe.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole na goti. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Kila mkupuo wa matairi, sheria inatutaka tuchukue mawili tuyazungushe kwenye ngoma ya chuma, chini ya mzigo, siku nzima na zaidi. Mashine hiyo imekufa tangu Januari. Meneja aliniletea fomu akasema, "Jaza majibu ya mwaka jana. Tairi ni lile lile." Si lile lile, Mjomba. Gundi ya kushikia kashata wameibadilisha, ya sasa ni hafifu. Nimetia sahihi fomu kumi na moja. Nakuomba yabaki kati yetu mpaka nijue la kufanya.

Mpwa wako

27 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Unamjua Kicheko, dereva wa basi la wauguzi. Anayo manne ya namba ile. Nimemwambia ayatoe. Akauliza, "Yana nini, mzee? Mbona yanang'aa?" Ningemjibu nini, nawe umenifunga mdomo? Nikababaika. Akacheka, akawasha gari. Sema na wakubwa zako upesi, au niruhusu niseme mimi.

Mjomba wako

10 Aprili

Mpwa wangu,

Wiki mbili kimya. Leo sikuulizi hali.

Jana asubuhi tairi la mbele la Kicheko lilipasuka kwenye mteremko. Basi likalala ubavu. Muuguzi mmoja amefariki, yule mrefu wa wodi ya watoto. Kicheko amekatwa mguu. Polisi wameandika mwendo kasi. Nilishuka mtaroni nikaokota kashata, imetoka nzima.

Wewe ulitia sahihi. Mimi nilijua, nikababaika.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumaini unakula, hata kidogo. Nilichelewa kwa woga, sina neno jingine.

Barua yako ilinikuta kazini. Nilikusanya fomu zote nikazipeleka shirika la viwango. Mkaguzi akazipanga mezani.

"Sahihi hizi za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Zote."

Akanipa maji ya kunywa kwanza, ndipo akaanza kuandika.

Ghala limefungwa. Kiwanda kimeamriwa kuyakusanya matairi yote yaliyouzwa. Meneja anasema hakuniagiza chochote. Mimi naye tutasimama kizimbani. Nilikwenda hospitali kwa Kicheko. Nilipomaliza kumweleza, aliuliza jambo moja tu: "Mjomba wako alijua?" Sikuweza kumdanganya. Akageukia ukutani.

Matairi elfu mbili na mia nne yalitoka. Yaliyorudi hayafiki nusu.

Mpwa wako

18 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Nami nilikwenda kwa Kicheko. Nilikaa kitini saa nzima, hakunitazama. Jumapili nitakwenda tena. Kashata nimemkabidhi mkaguzi, akaandika maelezo yangu, pamoja na siku nilizonyamaza.

Asubuhi sasa nasimama kwenye kona, magari yanapopunguza mwendo, nasoma namba za ubavuni. Nikiiona namba ile napunga mkono. Wengi wanadhani naomba lifti. Leo mwenye lori la mchanga alisimama. Nikamwambia ayatoe matairi yake. Akauliza nimejuaje.

"Aliyeyapitisha ni mtoto wa dada yangu," nikasema.

Akazima injini, akashusha jeki. Tumeyatoa sita.

Mjomba wako