Boksi Lililodai Pombe

Bariadi, Juni 1996

Mama Mboje mke wangu, mwangaluka!

Wasalimie kaka zako huko Nkololo. Ng'ombe wazima, na jogoo wako bado ana kiburi.

Ulipokimbia ukisema hulali tena humu mpaka lile boksi la fyuzi la mkoloni nililonunua mtumba ling'olewe, nilicheka. Kuvuma kwake nilidai ni marehemu baba ana kiu. Basi Jumapili nikalimwagia pombe ya mtama, kwa heshima zote. Lo! Likanijibu kwa cheche.

Fundi Dastan alipolifungua akakuta ubao umeungua, nyaya zi uchi, na penye fyuzi pamefungwa spoku ya baiskeli.

"Mzee, nani kafunga hii? Nyumba ingewaka na nyie ndani!"

"Baba yangu."

"Si alikufa kabla umeme haujafika Bariadi?"

Nikajifanya kiziwi.

Sasa kuna boksi jipya, limenyamaza kama mkwe anayekula ukweni. Tatizo nyumba nayo imenyamaza. Ulisema kweli, mama. Rudi unigombeze.

Ila ukifika usinicheke usoni.

Mumeo Maige, ambaye nyusi zake zinaota polepole.