Anatafutwa Mzee wa Nyuma ya Tangi

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wajukuu wote, pamoja na yule paka wako asiyependa wageni. Ni matumaini yangu goti limepoa, na kwamba unameza dawa badala ya kuzificha chini ya mto kama kawaida yako. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima. Mengine nitakueleza humu ndani, ila taratibu, maana unanijua nikianza sina breki.

Barua yako niliipata juzi. Unasema chumba cha uani kiko wazi tangu kijana wenu aoe, na kwamba mtu wa umri wangu hana sababu ya kukaa peke yake kama mlinzi wa ghala. Hilo nitalijibu. Kwanza wacha nikupashe habari za mji, usije ukasema nimekunyima umbea.

Soko limeezekwa upya, lakini nusu. Mabati yaliishia kwa wauza nguo, wauza mboga wakabaki wanaitazama mbingu. Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kuwaeleza kwamba awamu ya pili iko njiani, na mama mmoja wa nyanya akamuuliza kama mvua nayo imeambiwa isubiri awamu ya pili. Watu walicheka, mwenyekiti mwenyewe akacheka, kisha akapanda gari akaondoka. Maji sasa ni ya zamu, leo upande wa juu, kesho upande wa chini, na huku nyuma ya tangi ninakokaa mimi ndiko yanakochelewa kuliko kote. Usiniulize kwa nini. Tangi lenyewe naliona nikifungua dirisha. Ile taa ya barabarani mbele ya ofisi ya ardhi nayo imetengenezwa, ila inawaka mchana.

Haya yote nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi naingia masjala, nakabidhiwa makaratasi, nafunga spika kwenye baiskeli ya halmashauri, navaa lile koti lao la njano linalong'aa na kofia yao, nazunguka mji. Maji yatakatika. Chanjo ya mbwa. Kikao cha wazazi. Msiba. Mtoto amepotea, amevaa hivi na hivi. Mji mzima unaniita Tangazo. Watoto wa shule wakiniona wananipigia kelele, nami nawapigia mluzi kwenye spika mpaka walimu wanakasirika. Ndiyo maana kila ulipoandika nije kwako nilikujibu kwa jeuri kwamba huku nafahamika mpaka na mbuzi, huko kwako nitakuwa nani? Na maneno hayo nilikuwa nayaamini kabisa.

Sasa habari yenyewe. Halmashauri imeleta mtindo mpya, matangazo yote yatatumwa kwenye simu. Afisa habari, binti mpole mno, aliniita akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akanieleza kwamba sijakosea kitu, ni mambo ya kisasa tu, na kwamba nitapangwa masjala nishughulike na mafaili mpaka nistaafu. Halafu akaniomba namba yangu ya simu ili na mimi niwe napata matangazo. Nikampa. Ningefanyaje? Spika nilitakiwa kuirudisha stoo jana jioni.

Basi jana ikawa mzunguko wangu wa mwisho. Na karatasi ya mwisho niliyopewa ilikuwa hiyohiyo, ya kuwaambia watu kwamba kuanzia leo hakuna tena tangazo la baiskeli. Niliisoma kila mtaa. Nilidhani mtu atatoka nje. Nilidhani hata mmoja ataniuliza, sasa wewe, Tangazo, watakupeleka wapi? Walisikiliza, wakatoa simu zao wakazitazama, basi. Nilipofika kwenye kona ya mama wa chai makaratasi yalikuwa yamekwisha, na barua yako iko mfukoni. Nikasema moyoni, hebu leo nijue moja.

Usicheke, dada. Au cheka, lakini soma mpaka mwisho. Niliwasha spika nikatangaza kwamba anatafutwa mzee. Nikataja jina langu lote, langu na la baba, lile la kwenye cheti. Nikasema ni mwembamba, ana kovu kidevuni (wewe unalijua vizuri, ni wewe uliyenisukuma kwenye ngazi), anapenda kuvaa sweta la kahawia, anakaa chumba cha mwisho nyuma ya tangi la maji, na ni siku nyingi hajaonekana. Nikamaliza kama ninavyomaliza siku zote, kwamba atakayemwona atoe taarifa. Kisha nikasimama palepale, nimeinua kidevu, nikisubiri mtu aseme, wewe mzee una wazimu, si ndiye wewe huyo?

Hakuna aliyesema. Mama wa chai, ambaye amenimiminia chai miaka nenda miaka rudi, alijishika kiuno akasema maskini ya Mungu, jina hilo hajawahi kulisikia, lakini mzee wa watu asiachwe hivihivi. Fundi viatu alikuwa pale na kikombe chake. Akasema huenda ameanguka ndani na hana wa kumwinua. Akafunga sanduku lake la kazi. Mama wa chai akamwachia binti yake birika. Wakaniambia, Tangazo, ongoza njia, wewe ndiye mwenye maelezo.

Nilitaka kuwaambia, Mungu ni shahidi. Badala yake nikakokota baiskeli, nikaondoka na watu wawili kwenda kunitafuta.

Na hapa nikwambie kilichonitia aibu kuliko vyote. Nilifurahi. Tulitembea polepole, huku tukiuliza nyumba hadi nyumba, na katikati tukawa tunapiga soga. Kumbe fundi viatu alikuwa mwimbaji wa bendi ujanani, akatuimbia kipande, sauti imebaki kidogo sana lakini maringo yote yapo. Tulicheka mpaka nikasahau tunamtafuta nani. Mama wa chai akaniuliza kama nyumbani nina mtu. Nikamwambia mke wangu alishafariki. Akasimama katikati ya njia. Lini? Nikamkumbusha, mwaka ule daraja lilipofungwa. Akafikiri, akasema mwaka ule anakumbuka msiba wa mama mmoja wa upande wa juu, na ni mimi niliyeutangaza. Nikamwambia ndiye huyohuyo. Karatasi ilikuwa na jina lake na la baba yake, nikaisoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti ileile ya maji yatakatika, kisha nikaendelea na chanjo ya mbwa.

Tukafika mlangoni kwangu. Ufunguo nilikuwa nimeufumbata mfukoni. Mpangaji mpya wa chumba cha pili akatoka, akasema ndiyo, kuna mzee hapo, hamjui jina wala sura, humsikia tu akikohoa asubuhi. Fundi viatu akabisha. Tukasubiri. Akabisha tena, akaita jina langu, jina langu hasa, ambalo sijaitwa kwa mdomo wa mtu tangu wifi yako aondoke. Dada, nusura niitike. Mama wa chai akachungulia dirishani, akasema kitanda kimetandikwa, na mezani kuna kikombe kimoja na sahani moja, na kiti ni kimoja. Akasema huyu mtu anaishi peke yake. Akasema, tungejua, si tungekuwa tunampitia? Hapo machozi yakanitoka, nikavua kofia nikajifanya nafuta jasho.

Waliamua kwamba labda mzee amekwenda kwa ndugu zake. Leo jioni wakifunga kazi watarudi kubisha tena, na wasipopata jibu watakwenda polisi. Wakaniomba na mimi niwepo. Nikasema nitakuwepo.

Huyo ndiye mzee aliyepotea, dada, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Leo ni Jumamosi, ofisi imefungwa. Koti la njano nimelirudisha pamoja na spika, kwa hiyo hata nikitaka kutangaza kwamba amepatikana sina cha kutangazia. Itabidi niwaambie kwa sauti yangu hii ya kawaida, ambayo sijui kama wanaifahamu. Asubuhi simu ililia nikairukia nikidhani ni mtu. Ilikuwa halmashauri. Maji yatakatika.

Naogopa, sikufichi. Watu wale wameacha kazi zao kwa ajili ya upuuzi wangu. Wakikasirika wana haki, na wakinicheka pia wana haki. Lakini nimevaa sweta la kahawia. Nimeteremsha vikombe vya wifi yako kutoka juu ya kabati, nimevisuuza vumbi lote. Viti sina, kwa hiyo nilikwenda kugonga kwa yule mpangaji mpya kuazima. Akanitazama kidevu, akatazama sweta, akaniuliza kama mimi ndiye yule mzee anayetafutwa. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema afadhali. Halafu akaniuliza naitwa nani, maana jana hakulishika jina vizuri, nami nikamtajia, na viti akavibeba mwenyewe mpaka ndani.

Kuhusu chumba cha uani, usimpe mtu kwanza, lakini na shuka usitandike. Nisalimie shemeji, nibusie wajukuu, na goti hilo lifunge kitambaa cha moto. Wacha niwahi posta kabla haijafungwa, nataka jioni inikute nimeketi ndani. Safari hii wakibisha nitafungua.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye kovu la ngazi.