Mayai ya Korongo Chini ya Tetea

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimemtoa tetea wa Bibi kwenye kapu. Amekula mtama, amekunywa, amerudi mwenyewe kuatamia. Chini yake kuna mayai mawili ya korongo wenye taji. Niliyaokota wiki iliyopita huko majimaji, trekta la kijiji lilipoanza kulima matete. Korongo wenyewe waliruka. Ndiyo jozi ya mwisho hapa Ulemo.

Mwalimu wa Sayansi ameeleza tena: kiumbe anayekaribia kwisha porini anaweza kufugwa, azaliane kwa usalama, kisha watoto warudishwe. Ninaamini.

Jumamosi, 9 Machi
Balozi wa nyumba kumi alipita kutuita shambani. Nikamwamkia shikamoo. Akachungulia kapu, nikamwambia ni mayai ya korongo.

"Marahaba. Hao nao tuwaandike shamba la ujamaa? Kwa miguu yao mirefu watapalilia bila kuchuchumaa."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Jumatano, 20 Machi
Vifaranga wametoka. Wa kuku tu.

Bibi alimwachia tetea mayai yake matatu ili asiyakatae mageni. Ndivyo tufanyavyo wote hapa kijijini tukipewa mayai ya jirani, na kwa kuku haina neno. Lakini yai la kuku hutaka wiki tatu, la korongo karibu mwezi mzima. Tetea ametoka na watoto wake. Tukimrudisha anadonoa, anatoka tena.

"Akishasikia sauti ya mtoto, haketi," Bibi amesema.

Alhamisi, 21 Machi
Nimezunguka kila nyumba. Hakuna kuku anayeatamia. Tumeyafunga mayai kwa pamba karibu na mafiga. Moto ukipungua, nayo yanapoa.

Nawachukia wale vifaranga. Ni dhambi. Nawachukia.

Jumapili, 24 Machi
Mayai ni baridi kama mawe. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 25 Machi
Mwalimu amepasua yai moja. Korongo alikuwamo. Mdomo, kucha, macho yamefumba. Mwalimu akageukia dirishani. Amesema hata yeye hakuyafikiria yale mayai ya kuku. Hakuna wa kumlaumu. Afadhali angekuwapo.

Jumamosi, 30 Machi
Korongo wawili walitua kwenye matuta mapya. Wakasimama asubuhi nzima. Watu walipokuja na majembe, wakaondoka kuelekea Shelui.

Jioni tukimenya karanga, Bibi akasema mwakani tusimwachie tetea yai lake hata moja. Nikasema ndiyo, Bibi. Sikumwuliza ya korongo tutayapata wapi.