Mgeni Chini ya Kamba ya Nguo

Baba watoto,

Huku hatujambo. Mwanao wa mwisho kang'oka jino la mbele. Bustanini viwavi wamemaliza mchicha, na yule kinyonga wetu kahamia kwenye mpera, kanenepa kama mwenye duka.

Ila tuna mgeni. Chini ya kamba ya nguo, pale nilipokung'uta suruali yako ya kazini ulipokuja likizo, umeota mmea wa majani yenye manyoya. Shangazi yako kasema ni gugu, jirani kasema ni dawa ya tumbo. Nikamwita muuza miche. Akaunusa, akacheka.

"Hili ni ua la mlangoni, mama. Halioti lenyewe porini, hupandwa. Mbegu zake hunasa kwenye nguo za anayepita hapo kila siku."

Nikamwambia mume wangu analala kambini, na kaniapia kwamba kambi yao ni saruji tupu, hata jani halioti. Akabeba miche yake, akaenda zake.

Mimi sina wivu, unanijua. Nauliza tu: suruali yako hupita mlango wa nani?

Viwavi hao hao ua hili hawaligusi. Hata wadudu wanajua kisicho chao, sembuse binadamu!

Usiogope, sijaling'oa. Nalimwagilia kila asubuhi, na jana limetoa tumba. Nangoja lichanue, nijue mwenzangu anapenda rangi gani.

Mkeo,
mwenye mlango usio na maua