Nyuzi Nyeusi Ndani ya Feni

Brussels, Februari 1996

Papa,

Tulikuzika Jumanne. Tangu siku hiyo nyumba imejaa watu wa matanga, na mimi nashindwa kuwatazama usoni.

Jiko la mazutu la kupashia sebule joto, lile ulilolifunga mwenyewe tulipohamia, liliwaka vizuri lakini feni yake ikakataa kuzunguka. Joto likabaki ndani ya chuma. Watu waliketi na makoti yao. Maman alikuwa kwenye godoro, chini, mahali pa mjane, akikohoa. Wamama wa kanisa walitaka kumpeleka kwao apate joto, akakataa. Unajua kwetu Bukavu mjane hatoki kabla ya matanga kuisha.

Wote wakanigeukia mimi, mtoto wa fundi. Nikatoa kifaa chako cha kupimia umeme, nikapima mbele yao kama daktari. Umeme ulifika kwenye mota. Ilinguruma kidogo tu. Nikatangaza kwamba imeungua, tungoje duka lifunguliwe.

Tonton Zacharie akacheka: "Bon, fundi amekwenda na akili yote! Mutoto anatubakishia baridi."

Nilimjibu vibaya, Papa. Nilimwambia arudi kwake kama kwake kuna joto. Yeye, rafiki yako aliyekupokea kwenye stesheni ya Gare du Midi ukiwa na sanduku moja. Alichukua kofia yake, akatoka. Maman alisikia.

Watu walipopungua ndipo nikakumbuka ulichokuwa ukiniambia kila tulipoingia nyumba ya mtu: "Zima kwanza. Ngoja ipoe. Halafu zungusha na kidole." Kidole! Nilikiacha kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na nilitaka waone vifaa.

Nikazima, nikangoja, nikafungua kifuniko cha chini. Feni haikusogea. Nyuzi nyeusi zilikuwa zimejizungusha kwenye mhimili wake, zimekaza. Wamama walikuwa wamekaa palepale wakipasua kitambaa cheusi, kile cha kufunga mkononi kwa ajili yako, na feni ikavuta nyuzi kutoka sakafuni. Mota ilikuwa nzima. Nilizitoa na kibano cha Maman cha nyusi, moja moja, nikatia tone la mafuta, nikawasha.

Hewa ya moto ilipomfikia, Maman alisema bila kufungua macho: "Merci, Papa Gérard."

Alidhani ni wewe. Nilibaki nimepiga magoti na bisibisi mkononi, nikilia kimya kimya.

Kesho nitakwenda mtaa wa Chaussée de Wavre, kwa Tonton. Nilimwaibisha mbele ya watu, basi nitamwomba msamaha mbele ya watu, kisha nitamrudisha aketi karibu na jiko. Nakuahidi.

Pumzika, Papa. Maman amelala, hakohoi tena. Ukinikumbuka, usinikumbuke kwa wiki hii. Nikumbuke nikikushikia tochi.

Mwanao,
Prosper